Ishara za Nyumbani

Kanisa letu Dubai lilikuwa Ijumaa, siku ya mapumziko, na ibada ikiisha Wakenya tulisalimiana mlangoni kwa mikono, mmoja baada ya mwingine, bila kumruka mtu. Kwetu, kumpita aliyekunyooshea mkono ni tusi. Mdogo wangu, kiziwi tangu kuzaliwa, mfungaji wa maboksi kwenye ghala la bandari ya Jebel Ali, akaanza kuwapita watu.

“Huyu ndugu yako ameanza madharau?” mama mmoja wa kwaya aliniuliza, mkono bado ameunyoosha. “Ama ni Dubai imempanda kichwani?”

Niliona aibu, nikamkaripia palepale kwa ishara zetu, zile tulizozibuni utotoni na ambazo, tangu mama yetu afariki, hakuna mwingine duniani anayezijua. Akanijibu: mkono gani? Nikadhani ananichezea. Nikaunyoosha wangu chini, karibu na kiuno chake. Akaendelea kunitazama usoni, akisubiri jibu. Hakuuona. Hapo hasira ikaniisha, nikaingiwa na woga.

Daktari wa macho niliyempelekea alinieleza taratibu. Ni sindromu ya kurithi, inayokuja na uziwi na upofu pamoja. Masikio hutangulia. Macho hufuata polepole, kwanza gizani, kisha pembeni, mpaka mtu abaki akiitazama dunia kama kupitia tundu la ufunguo, na mara nyingi hata hilo tundu huziba. Nikauliza dawa. “Kwa sasa hakuna, sista. Inshallah, siku moja.” Niliichukia ile inshallah kuliko ugonjwa wenyewe. Mungu aliyachukua masikio bila kutuuliza. Nilidhani kwenye macho angeona haya.

Tulikaa kituo cha basi, jua la mchana kali, mwanga tele. Akaniuliza: daktari amesemaje? Nikapiga magoti mbele yake, watu wakitutazama, nikaileta mikono karibu na uso wake na kufanya ishara ndogondogo ili zienee katika kile kidogo kilichobaki. Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye giza, akanishika mikono yote miwili, akaibana mapajani mwake. Ndivyo alivyoninyamazisha tangu tukiwa watoto.

Basi letu likaja, likaondoka. Hakuniachia. Na bila mikono sikuweza hata kumwambia pole.