Makofi ya Dada Yangu

Nimeulizwa baba yangu ni nani mara nyingi kuliko nilivyoulizwa jina langu. Niliulizwa kisimani, nikaulizwa kwenye mashine ya kusaga, nikaulizwa hata msibani, marehemu akiwa bado yuko ndani. Wengine hawakusubiri jibu, walijijibu wenyewe: ni yule Mhindi wa duka, ni mzungu wa machimbo ya kule Matongo, ni Mwarabu wa lori la pamba. Chanzo cha yote hayo ni ngozi. Mimi nilizaliwa mweupe kupita watu wa kwetu, na dada yangu, aliyenitangulia kwa miaka mitatu, alizaliwa mweusi tii. Tulitoka tumbo moja na tulilala kitanda kimoja cha kamba.

Kilichonikera zaidi ni kwamba waliouliza walikuwa Wakurya wenzetu, na walijua vizuri kwamba nyumba yetu haikuwa na baba wa kuulizwa. Bibi yangu alizaa mabinti watupu. Mabinti waliolewa, ng'ombe wakaja, bibi akabaki na boma lililojaa ng'ombe bila mtoto wa kiume. Akafanya walivyofanya wanawake wa kwetu tangu zamani: alitoa ng'ombe akaoa msichana, na msichana huyo ndiye mama yangu. Kwetu inaitwa nyumba ntobhu. Mke ni wa nyumba, watoto ni wa nyumba, na mwanamume aliyepita hapo katikati hana lake. Kumuulizia ni kukosa adabu. Dada alipozaliwa hakuna aliyeuliza chochote, kila mtu alikuwa na adabu zake. Nilipozaliwa mimi, mila ikasahaulika siku hiyo hiyo.

Wakati wa vijiji vya ujamaa tulihamishwa na kupangwa kwenye mistari, nyumba na nyumba, upande wa Busawe. Wanawake wote walikwenda shamba la kijiji asubuhi, na watoto wadogo walibaki wakizurura na kula udongo. Dada yangu alikuwa amemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kuendelea. Bila kutumwa na mtu akaanza kuwakusanya wale watoto kwenye banda la nyasi lililojengwa kwa ajili ya kuhifadhi pamba. Aliwafundisha kuhesabu kwa punje za mahindi. Aliwafundisha rangi kwa kuwapeleka zizini, maana mtoto wa Kikurya anajua rangi za ng'ombe kabla hajajua jina la kijiji chake. Sauti yake ilikuwa ndogo, hivyo hakupiga kelele. Alipiga makofi mawili, akatulia kidogo, akapiga la tatu, na hapo watoto ndipo walipoanza kuimba. Bila kofi la tatu hakuna aliyefungua mdomo. Alifanya kazi hiyo mwaka mzima na zaidi bila kupewa hata kipande cha sabuni.

Ndipo ikaja barua kwamba kila kijiji kichague msichana mmoja wa kwenda Musoma miezi sita kusomea ulezi wa watoto, akirudi apewe kituo na posho. Dada alifua gauni lake siku hiyo hiyo. Nilimwona akilikunja na kulikunjua, na usiku aliniuliza kama Musoma kuna baridi.

Mkutano wa kijiji ulianza na habari ya michango. Mwenyekiti alisimama akaeleza kwa uchungu mkubwa jinsi ndugu zetu wa kusini wanavyonyanyaswa na makaburu kwa sababu ya rangi yao tu, na kila kaya itoe debe la mahindi. Tulipiga makofi. Alizungumza vizuri, sikatai, mpaka mama mmoja akajifuta machozi kwa khanga. Kisha akameza mate, akageuza karatasi, akaingia ajenda ya pili. Akasema kijiji chetu kiko karibu na barabara wanayopita wageni wa kwenda mbugani. Siku yoyote watasimama kutuona. Kwa hiyo mlezi awe mtu msafi, wa kupendeza mbele ya wageni. Halafu akanitaja mimi.

Nyani haoni kundule. Nilioga maji yale yale aliyooga dada, tena yeye ndiye aliyeyabeba.

Mikono ikanyooshwa, mingi kama majani. Nilimtafuta dada kwa macho nikamkuta akichora chini kwa kijiti. Hapo bibi akainuka. Hakuwa na mazoea ya kusema mikutanoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota, akasema kwa Kikurya, polepole, kila mtu akasikia.

"Nilipooa mke huyu nilitoa ng'ombe weusi, wekundu na wenye mabaka. Mlikuja kula, na hakuna aliyeuliza ndama watatoka rangi gani. Leo mnawapanga ndama wangu kwa ngozi?"

Wazee walicheka kidogo na kukohoa. Mwenyekiti alimpa shikamoo ya pili, akamwambia kwa heshima zote kwamba mila ni nzuri ila hili ni jambo la maendeleo. Bibi akanigeukia mimi. Akaniambia niseme mwenyewe, nani anajua kuwalea wale watoto.

Nilikuwa na miaka kumi na tano na sijawahi kupanda basi. Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa mawili tu, "ni dada," na nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema sijui. Mpaka leo nikikumbuka najichukia, na sitaki kusingizia utoto. Nilikuwa nimechoka kuitwa mtoto wa Mhindi, lakini siku weupe uliponipa kitu, niliupokea kwa mikono miwili. Dada aliniazima lile gauni lake alilolifua.

Niliporudi na cheti, na ubao, na sanduku la chaki, watoto walinipokea kwa upole wa watoto waliofundwa, wakanisikiliza, lakini macho yao yalikuwa jikoni. Kamati ilikuwa imempa dada kazi ya kupika uji wa kituo. Hivyo ndivyo walivyomfikiria: hodari, mwaminifu, na moshi hautaonekana kwake. Haya ya moshi aliyasema mjumbe mmoja akicheka, akidhani ni utani.

Wageni walikuja kweli. Walikuwa wazungu wawili, mume na mke, pamoja na afisa wa wilaya aliyewatafsiria, na walileta maziwa ya unga. Mwenyekiti aliamuru watoto wapakwe mafuta na mimi nikae mbele. Aliniambia niwaimbishe. Niliinua mikono kama nilivyofundishwa Musoma, nikaanzisha wimbo kwa sauti yangu nzuri ya chuoni.

Hakuna aliyeimba. Watoto thelathini walinyamaza, na shingo zote thelathini zikageuka nyuma, kuelekea jikoni. Nikaanzisha tena. Kimya. Mwenyekiti akaanza kuguna. Dada alikuwa ameshika mwiko. Aliuweka chini, akafuta mikono kwenye nguo, akapiga makofi mawili, akatulia, akapiga la tatu. Banda likalipuka kwa wimbo.

Mama wa kizungu alifurahi sana. Akanishika mkono, akasema maneno, na afisa akatafsiri kwamba nina kipaji, nimewafundisha watoto vizuri. Safari hii nilisema. Nilimwambia afisa, "Mwalimu wao ni yule pale, dada yangu. Mwambie." Afisa alimtazama dada, akanitazama mimi, akamgeukia mgeni na kuzungumza Kiingereza kirefu. Sikukielewa, lakini yule mama hakugeuka kutazama jikoni hata mara moja, akazidi kunitikisa mkono. Ikaja zamu ya picha. Nikaenda nikamvuta dada kwa nguvu, na mwenyekiti akasema asimame nyuma, pale kivulini, picha isije ikaharibika.

Jioni nilimfuata dada akisugua sufuria la uji kwa mchanga. Nilimweleza yote: kwamba nilimwambia afisa, kwamba hakutafsiri, kwamba kesho nakwenda ofisini kurudisha cheti. Nilikwenda kweli, na nikaambiwa jina langu limeshafika wilayani, niache utoto. Lakini jioni ile sikujua hayo, niliongea kwa hasira, nikamtukana mwenyekiti na mkutano wote. Nilidhani atanishukuru. Aliendelea kusugua mpaka nikaishiwa maneno.

"Ulipaswa kusema mkutanoni," akasema. "Kesho watafutie mpishi mwingine. Nimechoka kupiga makofi nyuma ya mgongo wako."

Hakurudi tena bandani. Mwaka uliofuata aliolewa ng'ambo ya mto, akalima tumbaku na kuzaa watoto saba, na wote aliwafundisha kuhesabu mwenyewe kabla hawajaanza shule. Mimi nimelea watoto wa kijiji kile mpaka nilipostaafu. Kila asubuhi nilipiga makofi mawili, nikatulia, nikapiga la tatu, kwa sababu bila hivyo hawakuimba.

Picha ile ililetwa baadaye na imetundikwa ukutani kwangu. Dada amefariki. Kila mgeni anayeingia huitazama, hunisifu jinsi nilivyokuwa mweupe, mrembo wa kweli, kisha hunyoosha kidole kwenye kivuli kilicho nyuma yangu. Wiki iliyopita alikuwa mjukuu wangu mwenyewe, mtoto niliyemlea kwa uji wangu, aliyesimama pale na kuniuliza kama yule alikuwa mpishi wetu.