Mji Uliopimwa kwa Meza Tupu

Mtafiti alitaka kujua kama Mbarara inaishinda miji mingine kwa biashara. Kwa kuwa watu wa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, hununua sana huko, alinichukua nimtafsirie. Uchumi nimejifunza peke yangu, kwa vitabu visivyo na majalada, na swali lake nililielewa. Aliyemtuma sikumjua, na nilipomuuliza alijibu kwa kuzunguka.

Tulianza mjini kwa haji anayeuza unga na mafuta kwa jumla. Alituagizia chai, akalalamika kwamba watu wa Nakivale siku hizi hawaonekani. Nyuma yake wapagazi walikuwa wakipakia lori, na dereva alikuwa jirani yangu wa Kashojwa, kijiji chetu humo kambini. Tulisalimiana kwa macho. Mzigo ulikuwa wa kwetu; haji aliogopa kodi tu. Nilitafsiri alichosema.

Kesho yake tulikwenda Kashojwa, lakini habari ilikuwa imetutangulia. Kwetu mgeni mwenye maswali hupokewa kama tulivyojifunza Kabazana, kwenye kituo cha mapokezi, siku ya kuandikishwa ukimbizi: unaonyesha ulichopoteza, si ulichonacho. Meza zote zilikuwa zimepunguzwa. Mjane mmoja kutoka Kivu ya Kusini, muuza ndagala, yaani dagaa wakavu, alikuwa na mafungu matatu tu. Magunia yake nilikuwa nimeyaona juzi.

Alinivuta pembeni.

"Papa, ule muntu anapima muji, ao anapima matumbo yetu?"

Nilimwambia ni mji. Akaguna. Jirani yake aliwahi kujibu maswali ya namna hiyo, akasema biashara inakwenda, kisha akaondolewa kwenye posho ya chakula. Mjane mwenyewe ana wajukuu wanaokula posho hiyo. Nani angemhakikishia? Mimi sikuweza.

Mtafiti aliitazama meza, akaniuliza kwa Kiingereza kama hiyo ndiyo bidhaa yote. Mama yule hakujua lugha hiyo, ila alinikazia macho mdomoni.

"Ndiyo yote," nilimjibu.

Mtafiti aliondoka akiamini kwamba Mbarara inapoteza soko. Sasa nikisoma takwimu za mji wowote, kwanza najiuliza walioulizwa walikuwa wanaogopa nini.

Nilitarajia shukrani. Lakini mama yule alikuwa amejionea jinsi ninavyodanganya bila kupepesa macho, tena kwa lugha asiyoijua. Tangu siku hiyo, nikitokea tu sokoni, huvuta turubai juu ya magunia yake, ndipo ananisalimia.