Niliiwekea router saa aliyonitajia mama, kaka Shabani akaambiwa afunge begi

Wakuu, mambo vipi humu ndani? Wakubwa zangu shikamooni.

Naanza na ujinga wangu mwenyewe kabla hamjaniuliza. Nilikuwa naset saa ya router, nikamuuliza mama, "Mama, saa ngapi?" Akajibu. Nikaandika vilevile alivyosema, nikabonyeza Enter, nikajiona injinia.

Hilo tu. Yaliyofuata ni kweli tupu. Asiyeamini aje Kariakoo amuulize mama mwenyewe, ila aje na helmeti.

Iko hivi.

Mama ana internet café Mtaa wa Sikukuu. Kiwanda alichokuwa karani kilipobinafsishwa akapewa kiinua mgongo. Wenzake wakanunua mashine za kusaga, yeye akanunua kompyuta sita used. Mimi niko Form Three, kwa hiyo kila Jumamosi ndiye IT Manager. Mshahara ni chipsi.

Mfanyakazi ni mmoja, kaka Shabani. Anafungua, anafagia, anauza muda, anafunga, halafu analala chumba cha nyuma. Ndiye aliyenifundisha kuchat, lakini hiyo mama hajui na ninyi hamjaisikia.

Sasa internet ilikuwa inakatika kila siku. Mama akiwapigia jamaa wa kampuni wanamuuliza, "Inakatika saa ngapi?" Anawajibu, "Wateja wakijaa!" Jamaa hoi.

Router, kile kiboksi kinachogawa internet, huwa inaandika kila kinachotokea. Line ikikatika inaandika, kompyuta ikiwashwa au ikizimwa inaandika. Hiyo ndiyo log. Tatizo, ya kwetu haikuandika saa, iliandika tu imekaa kwenye umeme kwa muda gani. Nikachomeka waya wa bluu wa kuunganisha router na kompyuta, kioo cheusi cha kuandikia amri kikafunguka, nikaiamuru iandike saa:

service timestamps log datetime

Tamu! Kila mstari ukaanza kuja na tarehe na saa yake. Ila saa yenyewe ilikuwa ya mwaka ambao mimi nilikuwa bado natambaa. Ndipo nikamuuliza mama pale kaunta.

"Saa tatu na robo," akasema, macho yakiwa kwenye chenji.

Nikaandika clock set 03:15:00, nikaongeza tarehe, Enter.

(Mlioshtuka hapo tulieni. Matusi mwisho wa uzi.)

Jumamosi iliyofuata nikafungua log mbele ya mama, kaka Shabani na wateja. Nilikuwa na mbwembwe, nimevaa na miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Mama, hapa kuna kitu. Kila siku kompyuta zinawashwa saa nane usiku."

Vidole vyote kwenye keyboard vikasimama.

Mama akageuka taratibu. "Saa nane usiku, Shabani? Una wateja popo?"

"Mama Idi, wallahi saa nane usiku mimi nakoroma."

"Unakoroma na kompyuta sita zimewaka?"

Mteja mmoja akadakia, "Dogo leo kakamata mtu!" Na mimi, Mungu anisamehe, nikatabasamu.

Mama hakupiga kelele. Mnaomjua mama mnajua hapo ndipo pa kuogopa. Akasema tu, "Funguo weka hapa. Kafunge begi lako."

Wakuu, kaka Shabani hana pengine pa kulala mji huu. Nikamwona kupitia mlango wa chumba chake anakunja yale mashati yake ya mtumba ya Mchikichini, moja moja, anayanyoosha kwa kiganja kama vile anaenda harusini. Miwani nikaivua.

Akatoka na begi, akasimama mbele yangu.

"Dogo, kabla sijaenda. Juzi mama yako alichomoa kompyuta namba nne achomeke birika la chai. Tulikuwepo mimi na yeye, adhana ya adhuhuri inalia. Hiyo mashine yako inasemaje?"

Nikashuka kwenye log. Alhamisi, namba nne, imezimika 06:34.

"Saa kumi na mbili na nusu asubuhi," nikasoma.

Mama akaruka. "Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mimi niko Feri nagombania samaki! Birika gani hilo?"

Nikaangalia log. Nikaangalia saa ya ukutani. Nikamwangalia mama. Nikajiambia, Idi, umekwisha.

Kuandika nimeandika saa ya Kiswahili, kusoma nasoma ya Kizungu! Router inaanza kuhesabu usiku wa manane, sisi tunaanza kuhesabu jua likishachomoza. Ile 02:00 niliyoisoma "saa nane usiku" ilikuwa saa mbili asubuhi. Maskini kaka wa watu, alikuwa anafungua ofisi kama alivyoagizwa!

Nikaeleza, huku nimeshajisogeza karibu na mlango.

Aliyeanza kucheka ni kaka Shabani. Alikaa juu ya begi lake akacheka mpaka akakohoa. Mteja aliyesema nimekamata mtu akaniambia, "Umejikamata mwenyewe." Mama akajikaza, akajikaza, khanga ikamwanguka begani, naye akaachia.

Alipotulia akachukua funguo, akamkabidhi Shabani kwa mikono miwili, akamwomba radhi mbele ya wateja walewale. Mchana samaki changu mzima akaliwa na Shabani. Mimi nilipewa mchuzi uliomgusa.

Nikaset saa upya, safari hii kwa kuangalia ukutani. Tukaja kugundua line inakatika jua likiwa la utosi. Kumbe waya juu ya paa unalegea ukipata moto. Jamaa wa kampuni akaja akaukaza, kwishney.

Nilichojifunza: log inasema ulichoiambia. Kabla hujamsomea mtu hukumu, hakikisha saa kwa jambo moja mliloliona wote kwa macho. Na ukikosea, sema hapohapo, begi likiwa bado ndani.

Haya, mliowahi kuharibu kazini kwa wazazi jazeni hapa chini, nisiwe peke yangu. Matusi sasa ruksa.

Na mnaotaka kujua mama alisemaje baada ya kicheko kuisha, alifuta machozi kwa pindo la khanga, akaniambia hivi:

"Idi, siku nyingine ukiniuliza saa, sema kwanza anayetaka kujua ni wewe au hilo dude."