Feni Aliyoichagua Verlon

Verlon Tackett hakuwa mtu wa kubishana na mkewe. Alikuwa mtu wa kuitikia "sawa" kisha kwenda kufanya la kwake, na kwa miaka yote ya ndoa yao Oleta alikuwa akija kugundua baadaye, ananuna siku moja, anamsamehe. Safari hii hakupata nafasi ya kugundua.

Chanzo kilikuwa pikapu yao, ya mwaka 1955, ya kijani. Verlon aliachiwa na baba yake pamoja na shamba la ngano huko magharibi mwa Oklahoma. Shamba alilikodisha mgongo ulipoanza kumsumbua, lakini pikapu hakumruhusu mtu hata kuiegemea. Kila kitu chake kilikuwa kama kilivyotoka kiwandani, mpaka waya za umeme zilizovikwa kitambaa badala ya plastiki. Kwenye maonyesho ya magari ya zamani waamuzi hufungua boneti, wakainama na tochi, wakakata alama kwa kila nati ya kisasa wanayoiona. Kwa Verlon walikuwa wakiinama wee, wakiinuka mikono mitupu. Alipenda sana dakika ile.

Tatizo ni kwamba ilikuwa inachemsha. Rejeta ilishazibuliwa, pampu ya maji ilishabadilishwa, na bado. Kilichobaki ni feni ya kupoza injini, maana ile ya zamani ilikuwa imepinda mapanga na haivuti upepo wa kutosha. Ikawa sasa ni kuchagua nyingine, na kwa kawaida jambo hilo lingemfurahisha Verlon msimu mzima.

Lakini Oleta alikuwa kitandani. Madaktari walishamrudisha nyumbani na kusema maneno yao ya upole, na yeye, ambaye hakuwahi kupenda maneno ya upole, akaanza kupanga mazishi yake kama anayepanga sikukuu ya kanisa. Wimbo gani, nani asiimbe, nani aoke nini. Kisha akafika kwenye gari.

"Lile gari jeusi la maiti lilimbeba Lonnie," alisema. Lonnie alikuwa mtoto wao wa pekee, aliyetangulia. "Mimi halinibebi. Utanibeba wewe kwenye pikapu mpaka kwa mama."

Mama yake alizikwa ng'ambo ya mto, mbali, na kule kwao msafara wa maiti huenda polepole mwanzo mpaka mwisho, taa zikiwaka mchana. Oleta alishalifikiria hilo pia.

"Weka feni ya umeme. Ile inazunguka kwa nguvu hata gari likiwa limesimama. Hizi za mkanda zinazungushwa na injini; ikizubaa nazo zinazubaa."

Verlon akasema za mkanda ndizo zilizotoka na gari. Oleta akamtazama kwa yale macho yaliyobaki makubwa usoni. Alikuwa ameendesha lori la ngano kila mavuno tangu aolewe, akakaa kwenye foleni ya maghala mwezi wa sita, injini ikiunguruma na jua likichoma.

"Gari likikimbia, upepo wa njiani unalipoza, mume wangu. Linachemka kwenye foleni. Na mimi hutanikimbiza, au unataka kunikimbiza?"

"Sawa," alisema Verlon.

Feni ya umeme ilihitaji betri ya nguvu zaidi, na betri hiyo ilihitaji kung'oa waya zote za baba yake. Asubuhi akalipeleka suala hilo kwenye meza ya wazee, pale ofisi ya ushirika wa ngano, ambako wanaume wasio na kazi tena hunywa kahawa na kuamua mambo ya dunia. Mkubwa wa meza, ambaye hakuchaguliwa na mtu, alikuwa Rondal Pruitt.

"Feni ya umeme, ya plastiki?" Rondal aliuliza. "Basi tundika na mapazia kabisa, mzee, uweke na chombo cha maua." Meza ikacheka. Mwingine akasema marehemu baba yake Verlon atatoka kaburini aje amchape viboko. Verlon naye akacheka, na kucheka kule kukamponza. Mchana Rondal akamletea feni ya mkanda, ya chuma, mapanga sita, aliyokuwa nayo ghalani. Wakaifunga pamoja. Ilipendeza.

Tusimlaumu Rondal peke yake. Moyoni Verlon alikuwa na maonyesho ya vuli, na waamuzi wakiinama na tochi, na Oleta amekaa pembeni kwenye kiti chake cha kukunja na kofia ya majani. Kung'oa waya zile kulikuwa ni kukubali kwamba kiti kile hakitakaliwa. Hakuwa na ubavu huo. Mtu anayeona huo ni ujinga bado hajauguza.

Akaijaribu feni kwenye barabara kuu. Watu wa kule hawajui jaribio jingine: barabara zao zimenyooka, taa za kuongozea magari hazipo, gari unalikanyaga mpaka uridhike. Alilikanyaga. Mshale wa joto ukatulia. Akarudi nyumbani anapiga mluzi.

"Umeshaifunga?" Oleta aliuliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Nimeifunga."

"Ile ya umeme?"

"Ile ile."

Oleta akampapasa mkono, akafumba macho, akasema sasa hana wasiwasi. Alikufa wiki hiyo hiyo, ya mwisho ya mwezi wa saba, joto likiwa la kupasua udongo.

Jeneza likafungwa kwa mikanda kwenye bodi ya pikapu, na shada juu yake. Verlon akawa mbele. Gari jeusi lilifuata nyuma yake tupu, kwa sababu mwenye kazi ya mazishi, Bwana Stiles, ni mtu wa tahadhari. Magari yaliyokuja kwa mbele yaliteremka pembeni ya barabara yakasimama, kama desturi, na wanaume wakavua kofia. Hata dereva wa trekta alizima injini. Verlon aliona yote na kwa muda mfupi akaona kwamba jambo moja ameliweza.

Upepo ulikuwa unatoka nyuma, mwendo wao sawasawa na upepo, kwa hiyo ndani ya rejeta hakikupita kitu. Mshale ukaanza kupanda. Verlon akawasha hita mpaka mwisho, ujanja wa zamani wa kuipunguzia injini joto, akaketi na suti nyeusi katika hewa ile ya tanuru, jasho likimwingia machoni. Kabla ya daraja mvuke ukatoka chini ya boneti.

Wakasimama. Rondal akaja na madumu ya maji bila kumwangalia usoni. Ilibidi kungoja injini ipoe kwanza, na watu wakangoja juani, wazee kwa vikongwe, bila mtu kulalamika. Wakajaza maji. Wakavuka daraja, wakapanda kilima kidogo, na safari hii ikachemka vibaya zaidi, maji yakamwagika yote barabarani.

Dada yake Oleta, Wynona, akateremka na mkongojo wake akaja dirishani.

"Shemeji, si aliniambia umeweka ile ya umeme? Alinipigia simu kuniambia. Alikuwa na furaha."

"Nilimdanganya," alisema Verlon.

Wynona akauegemea mlango wa pikapu. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa joto. Nyuma yake msafara wote ulikuwa umesimama, na mama mmoja alikuwa ameketishwa kwenye nyasi, anapepewa kwa kitabu cha nyimbo. Verlon akawatazama, akazima hita. Akashuka, akafungua mikanda ya jeneza mwenyewe.

"Mchukueni," alimwambia Bwana Stiles.

Wanaume wakambeba Oleta, wakamwingiza ndani ya gari jeusi, na mlango ukafungwa taratibu. Verlon akapewa kiti cha mbele. Gari lile lilikuwa limengoja juani muda wote huo bila kuzimwa injini, na ndani mlikuwa na baridi nzuri ya kiyoyozi, mwili wake ukaipokea baridi ile kwa raha, akajichukia. Kwa mazoea akatafuta mshale wa joto. Ulikuwa katikati, umetulia. Akaukodolea macho mpaka makaburini, kwa sababu Oleta alikuwa nyuma yake na hakuweza kugeuka.