Monolojia Iliyojibiwa

Nilisikia zipu kabla sijaona chochote. Ilivutwa polepole hadi mwisho, ikatulia, kisha ikarudishwa ilikotoka. Nilikuwa nimesimama nje ya chumba cha mwalimu, Dongobesh, ukungu umeshuka hadi usawa wa mabati, mkono wangu uko tayari kubisha. Zipu ikavutwa tena. Kisha sauti yake, ya chini, kama ya mtu anayeongea na mgonjwa:

"Nguo zote zimeenea. Ninayeshindwa kuenea ni mimi."

Sikubisha. Niliyafahamu maneno hayo. Yalitoka kwenye tamthilia fupi tuliyoichapisha pamoja stationari, kurasa chache zilizobanwa kwa pini. Lakini nilifahamu pia kwamba wiki ile uhamisho wake ulikuwa umekubaliwa. Angeweza kurudi Tabora alikozaliwa, ambako mama yake alikuwa akizeeka peke yake, au angeweza kuukataa na kubaki nasi. Alitakiwa kujibu kabla shule haijafungwa. Kwa hiyo nilisimama pale bila kujua ni begi la nani linalofungwa, la mwanamke wa kwenye karatasi au la mwalimu.

"Ingia," akasema kutoka ndani. "Mtu anayesikiliza mlangoni huwa anapumua, mdogo wangu."

Mimi ni mwandishi wa riwaya. Nimezaliwa katika kijiji cha Daudi, nikasoma mbali, nikarudi kuandika kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwetu, ambako mama huingia bila hodi kuchukua mbegu za viazi. Mwalimu yeye aliletwa huku akiwa mpya kazini, kwanza Gitting chini ya mlima, baadaye Dongobesh. Ijumaa jioni nilikuwa nakwenda kwake kusoma tamthilia fupi za waandishi wa siku hizi, wengi wao vijana wenzetu, alizotumiwa kwenye simu. Tuligawana sauti. Akiwa mume, mimi nilikuwa mke. Akiwa polisi, mimi nilikuwa mwizi na mama wa mwizi. Alizopenda zaidi ni monolojia, zile za mtu mmoja anayesimama na kusema peke yake hadi mwisho.

Mimi nilizisoma kama mtu anayetafuta nyumba ya watu kwenye ukungu. Riwaya hukupa uwanja, kisima, jina la mbwa. Monolojia hukupa mtu ambaye ameshaanza kusema, na unapokaribia kujua kilichompata, ameondoka. Nilikuwa namuuliza mwalimu maswali mengi. Huyu ni nani? Anamwambia nani? Kwa nini hapa hasemi kitu?

"Wewe unaogopa kimya," aliniambia siku moja. "Kwenye riwaya yako mtu akinyamaza tu, unaleta mvua."

"Huku mvua si ya kuletwa, mwalimu. Inakuja yenyewe."

"Basi mwache mtu anyamaze na mvua isinyeshe. Tuone."

Tamthilia ile ya begi haikufika robo saa. Mwanamke anafunga nguo zake ili aondoke nyumbani kwa mama mkwe wake. Mama mkwe yuko nyuma ya pazia, na hatujui kama amelala, amekufa, au amekataa tu kuongea. Mwanamke anasema, ananyamaza, anasema. Mahali penye kunyamaza mwandishi ameandika: *Kimya kirefu.* Mwishoni anatoka na kufunga mlango, basi. Niliipenda bila kuelewa ninachokipenda.

"Kwa nini anaondoka?" nilimuuliza jioni ile ya zipu.

"Haijaandikwa."

"Wewe unafikiri nini?"

Alinimiminia chai, akaiacha chupa wazi kidogo kama alivyozoea. "Nafikiri hajui. Anasema ili ajue. Ndiyo maana nataka kuicheza. Nikifika mlangoni, mkono wangu ukikataa kufungua, nitabaki. Ukifungua, nitakwenda kwa mama."

Nilidhani anatania. Nilimwangalia na kuona hatanii. Mimi nilitaka abaki. Hapakuwa na mtu mwingine katika wilaya nzima ambaye ningeweza kuwa mama wa mwizi mbele yake. Lakini sikusema, maana sikujua kama ni haki kumwambia mwigizaji mkono wake ufanye nini.

Tuliicheza Daudi, Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi wa kanisa. Wakulima walikuja na harufu ya vitunguu saumu mikononi, wauguzi wa zahanati walikuja, walimu wenzake walikuja. Tulitundika shuka kwenye kamba kuwa pazia. Mlango wa pembeni wa ukumbi ndio ungekuwa mlango wa nyumba. Mimi nilikaa kwenye kigoda nyuma ya nguzo, kurasa mapajani, ili akisahau nimkumbushe. Mama yangu alikaa mstari wa mbele na sweta yake ya kanisani.

Mwalimu aliingia na begi, mtandio wake wa kijani umefungwa kama wa msafiri. Akalitazama shuka.

"Mama, umelala?"

*Kimya kirefu.* Alikicheza vizuri kimya kile. Nilikuwa naanza kukielewa.

"Hajalala," akasema mama yangu. "Anakusikia. Sema tu."

Watu wakacheka kidogo. Nilitamani kuingia ndani ya shuka. Na hapo hapo nikakumbuka jambo ambalo miaka ya kukaa na watu wa vitabu ilikuwa imelifunika: kwetu, mtu akisimama kusema mbele ya watu, hujibiwa. Mzee akiomba baraka, kila anapopumzika watu humwitikia. Kumwacha msemaji kwenye kimya ni kumwambia maneno yako rudi nayo. Na sisi tulikuwa tumewaletea tamthilia ambayo kila baada ya sentensi mbili inapumzika.

Mwalimu aliendelea kama hakusikia. "Nguo zote zimeenea. Ninayeshindwa kuenea ni mimi."

"Unakwenda wapi na baridi hii?" mwanamke mwingine akauliza.

"Na huyo mkweo unamwachia nani?"

"Mwacheni amalize," akasema mwalimu mmoja wa hesabu kutoka nyuma. "Hiyo ni sanaa."

"Sanaa ndiyo haijibiwi?" mama akamgeukia. "Amesema mbele yetu. Tumtazame tu kama ng'ombe?"

Ukumbi ukacheka sana, na mwalimu wa hesabu naye akacheka. Nilimtazama mwalimu wangu ili nimpe mstari unaofuata. Hakunitazama. Alikaa juu ya begi, akawageukia wale wanawake.

"Nakwenda kwa mama yangu," akasema.

Niliutafuta mstari huo kwenye ukurasa. Haukuwepo. Mwanamke wa kwenye karatasi hakuwa na mama.

"Yeye ana nani?"

"Ana mimi na kuku."

"Anaumwa?"

"Anazeeka."

"Na hapa umekaa sana?"

"Sana. Mpaka baridi imeacha kunisumbua."

Kidole changu kilikuwa kinatembea juu ya karatasi, kinapanda, kinashuka, hakipati mahali. Sikujua tena anayeongea ni nani, wala kama kazi yangu ya kukumbusha bado ipo. Kila swali lao lilipoelekea kumzuia, nilifurahi, kisha nikajiuliza nafurahi kwa ajili ya tamthilia ipi.

Kisha bibi jirani yetu, ambaye watu humwomba awabariki wasafiri, alisimama taratibu. "Kama ni mama," akasema kwa Kiswahili, "hatumzuii." Akaendelea kwa Kiiraqw, lugha yetu, kwa mistari mifupi. Njia iwe laini. Mito ikupishe. Unakokwenda wakutambue. Ulikotoka pasikauke. Kila alipopumzika ukumbi mzima uliitikia kwa sauti moja, na mdomo wangu nao ulifunguka wenyewe. Wauguzi wasiojua lugha waliitikia pia, wakichelewa kidogo.

Alipomaliza, hakuna aliyesema kitu. Hicho ndicho kilichokuwa kimya cha kwanza cha kweli mchana ule. Mwalimu alisimama, akachukua begi, akaenda kwenye mlango wa pembeni. Niliutazama mkono wake. Uligusa komeo, ukatulia hapo, ukafungua. Nje hapakuwa na mvua.

Aliporudi kwa mlango wa mbele watu walimpa kiti na chai, wakamsifu kwamba anajua kusema ukweli. Tulipobaki wawili tukikunja shuka, aliniuliza:

"Mkono ulifungua. Lakini ulifungua kwa sababu yangu, au kwa sababu walikuwa wameshanibariki? Na zile baraka zilikuwa zangu, au za yule mwanamke? Wewe ni wa hapa. Niambie."

Mimi ni wa hapa na sikujua. Nilimuuliza mama jikoni, akimenya viazi.

"Mama, mlimbariki mtu ambaye hayupo."

"Aliyesimama pale alikuwa nani?"

"Mwalimu. Lakini alikuwa anaigiza mwanamke mwingine."

"Ana begi?"

"Analo."

"Ana mama anayezeeka?"

"Anaye."

"Basi sijui unauliza nini." Akatupa ganda kwenye ndoo. "Mtu akibarikiwa safari halafu abaki, hizo baraka atazipeleka wapi?"

Nilimfikishia mwalimu maneno hayo kama yalivyo. Mpaka leo sielewi kwa nini nilifanya hivyo, mimi niliyetaka abaki. Alicheka, akarudia "atazipeleka wapi". Jumatatu aliukubali uhamisho.

Asubuhi ya kuondoka nilikwenda Dongobesh kumsaidia kufagia chumba na kubaki na ufunguo wa kumrudishia mama mwenye nyumba. Kitanda kilikuwa kimebaki mbao. Safari hii zipu ilivutwa mara moja tu.

"Mama yako mpelekee shikamoo yangu," akasema.

"Itafika."

Alijifunga mtandio wa kijani, akabeba begi, akafika mlangoni. Akageuka.

"Chai imebaki kwenye chupa."

Kisha akasimama pale, akinitazama. Kilikuwa kimya kirefu. Yeye alikuwa amenifundisha kwamba kimya huachwa kifanye kazi yake, na mama yangu alikuwa amenikumbusha kwamba aliyesema hujibiwa. Sikuwa na karatasi mapajani. Nilifungua mdomo bila kujua ni kwa ajili ya kumwitikia au kumwomba akae. Sauti haikutoka. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama nimeshajibu, au kama nimekicheza vizuri kimya kile. Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake, ukafungika.