Moto Ambao Hatukuuona

Shemeji yangu aliungua mbele ya macho yetu, saa nne asubuhi, jua kali, na hakuna hata mmoja aliyeona moto.

Tulimwona tu anarusha mikono kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Mgeni mmoja akacheka, akidhani ni mbwembwe.

Kisha mkono wa shati lake ukajikunja wenyewe, ukawa mweusi.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Nilikuwa mtunza maabara wa sekondari kwa miaka kumi na moja. Maabara ilipofungwa, nikarudi nyumbani kwa ng'ombe wetu wanane na mtambo wa bayogesi. Gesi ilizidi mahitaji ya jiko, tukawa tunaiachia tu ipotee hewani.

Mdogo wa mume wangu ni fundi friji. Siku moja akaniuliza, "Shem, hii gesi haiwezi kugeuzwa ikawa kitu cha kuweka kwenye dumu?"

"Inaweza. Inageuka spiriti inayoitwa methanoli. Inapikia, inaendesha hata mashine. Ila hiyo ni kazi ya wenye viwanda."

"Na sisi tuna nini?"

"Tuna vyuma chakavu na ubishi."

Akacheka. Kesho yake akaja na kompresa begani.

Gesi tuliipitisha kwenye chuma chenye kutu ili itoke ile harufu ya mayai viza. Tukaichanganya na mvuke ndani ya bomba lililowiva kwa moto. Iliyotoka tukaibana kwa kompresa, tukaipitisha kwenye punje za shaba, tukaipoza.

Miezi saba mtambo ulizingua. Matone yalidondoka, sikatai, ila tukiyawashia kiberiti, kiberiti ndicho kinachozimika. Ulikuwa ni mvuke wetu wenyewe umerudi kuwa maji.

Mume wangu hakutuonea huruma. "Mama Mapacha, maji si yapo bombani?"

Siku moja akanikuta bandani nimekalia ndoo, nalia. Alisimama kidogo, akaondoka.

Jumamosi ya wiki ileile tulikuwa tumealika wafugaji sita waje kuona mtambo. Ijumaa mchana tukakuta chupa ya kupokelea matone imejaa nusu.

Shemeji akatoa kiberiti palepale. Nikamzuia.

"Tuiwashe kesho, mbele ya wageni."

Kesho yake alikuja amenyoa, shati limenyooka. Akamimina kidogo kwenye kisahani, akawasha kiberiti, akakisogeza. Hatukuona kitu. Akasogeza cha pili. Vilevile.

"Imebuma tena, shem," akaninong'oneza, anatabasamu kwa aibu.

Akainua chupa aongeze.

Methanoli haitoi moshi, na mwali wake juani hauonekani. Kisahani kilikuwa kinawaka muda wote. Moto ukapanda hadi kwenye chupa, ukamrukia.

Nilimmwagia maji ya kunyweshea ng'ombe, ndoo baada ya ndoo. Mkono wa kulia, kifua, upande wa shingo. Alilala hospitali wiki sita.

Siku ya tatu, pale wodini, mume wangu akasema, "Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?" mama mkwe akamuuliza.

"Niliinunua kwa muuza kemikali, nikaimimina kwenye chupa yao. Nilishindwa kumwona mke wangu analia."

Mama mkwe akasema, "Umemchoma mdogo wako."

Aliinamisha kichwa, akakubali. Ukoo mzima ukamshukia, na hadi leo, mwaka wa pili huu, kaka mtu anasalimiwa kwa ncha ya ulimi.

Sasa nifike pale ambapo sijawahi kufika na mtu yeyote.

Ijumaa ile, shemeji alipoondoka, nilichukua haidromita yangu ya maabara, kile kipimo cha uzito wa vimiminika, nikaipima ile chupa. Ilikuwa methanoli tupu. Mtambo wetu usingetoa kitu safi namna ile hata ungebembelezwa vipi.

Nilijua imetoka dukani. Nilijua na aliyeileta, maana funguo za banda tulikuwa nazo watu watatu tu: mimi, shemeji, na mume wangu aliyenikuta nalia.

Nikanyamaza. Nilitaka wale wageni wanione mtu, hata kwa asubuhi moja.

Na miaka kumi na moja nilisimama mbele ya wanafunzi nikiwaambia wasiamini macho yao methanoli inapowaka juani. Shemeji alipokuwa anainua chupa, nilikuwa nawatazama wageni.

Mtambo tuliubomoa. Fundi wa watu hawezi tena kukunja vidole viwili.

Kesho mchana nawaita wote sebuleni, mama mkwe akiwemo, niwaambie haya. Nimeandika hapa kwanza ili nikose pa kukimbilia.

Wewe unayesoma, ukigundua kwamba mtu anayekupenda amekudanganya ili ufurahi, sema siku hiyohiyo. Ukinyamaza ili uendelee kufurahi, uongo huo ni wako, na atakayeumia ameumizwa na wewe.