Kaulimbiu ya Mwalimu Leodegar

Wapo watu wanaobishana mpira, wapo wanaobishana siasa. Mwalimu Leodegar wa Kiwalani yeye alikuwa anabishana kaulimbiu za utalii. Usicheke. Mkalishe kijiweni umtajie Uganda, atakwambia "Lulu ya Afrika" ni maneno matamu lakini waliyaokota kwa Mwingereza. Mtajie Rwanda, atakubali kwa shingo upande kwamba vilima elfu vinakaa vizuri mdomoni. Sie wenyewe, alikuwa akisema, tumezoea kutaja mlima, mbuga na kisiwa, tukishamaliza kutaja tunanyamaza. "Kaulimbiu siyo kutaja vitu," alikuwa anasema huku kidole kimemsimama. "Kaulimbiu ni ahadi. Mgeni akishuka kwenye ndege anakuja kudai ahadi yake." Wenzake wanaitikia tu ili amalize, kahawa isipoe.

Basi ikatokea kampuni moja ya utalii inatafuta mtaa wa uswahilini jijini, wageni wake wawe wanalala kwenye nyumba za watu wa kawaida, wale wanachokula wenyeji, wasikie kelele wanazosikia wenyeji. Watu wa Chanika, Vingunguti na Kiwalani wakaingia kwenye kinyang'anyiro, na kila upande ukatakiwa uje na kaulimbiu yake. Vingunguti, kwa kujivunia machinjio yao, wakaja na "Nyama Moto, Watu Moto". Chanika, wenye mashamba na upepo, wakaandika "Njoo Upumue". Leodegar alicheka mpaka akashika mbavu. Kiwalani ndege zinapita juu ya mabati mpaka vikombe vinatetemeka kabatini, wao watajibu nini? Akajifungia, akaandika, akafuta, akaandika tena, akatoka na maneno matatu: "Mgeni Ana Kwao", yaani akishafika Kiwalani kafika kwao.

Loo, mtaa uliyapenda maneno hayo! Mzee Nurdin, mwenyekiti wa mtaa, akaacha kabisa ile "oyee" yake ya siku zote. Kila mkutano, hata ule wa kugombezana kuhusu taka, anapaza sauti, "Kiwalani!" na watu wanajibu, "Mgeni ana kwao!" Bodaboda wakayabandika kwenye pikipiki. Maliha, yule Mhindi wetu mwenye duka la rangi pale kona, duka lililofunguliwa na babu yake, akatoa rangi ya bluu na ukuta wa ofisi ya mtaa ukaandikwa herufi kubwa. Mwalimu akipita pale anajifanya hauoni. Lakini anauona, jamani, tena anauona vizuri sana.

Majaji wa kampuni wakatoa taarifa: Jumamosi watakuja nyumbani kwa mwandishi mwenyewe, waone kama maneno yake na maisha yake vinafanana. Hapo Leodegar akageuka mtu mwingine. Chumba cha wageni kikapakwa rangi upya. Akaleta shuka nyeupe, neti mpya na sabuni ya harufu ya waridi ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mkewe Gladness, Mchaga asiyemung'unya maneno, alimtazama tu akihangaika na pazia.

"Baba Asifiwe," akasema, "tangu tujenge, hiki chumba kimelala mgeni gani? Ndugu zako wakija unawaambiaga kina unyevu."

"Wee mwanamke, usinitie nuksi," Leodegar akamjibu.

Jumamosi asubuhi simu ikalia. Alikuwa mama mdogo Kokushubila. Hapa lazima nikwambie huyu mama ni nani. Mama mzazi wa Leodegar alifariki mtoto hajaota hata jino, na mdogo wa marehemu ndiye aliyemchukua, akambeba mgongoni, akamlea kule Muleba na kumsomesha mpaka akaitwa Mwalimu. Leodegar hajawahi kumwita mama mdogo. Anamwita mama, basi.

"Mwanangu, nimeshuka stendi ya Mbezi," mama akasema, na simu yote ikajaa sauti yake. "Macho yamenizidia. Wamesema nije hospitali kubwa Jumanne wanitoe huu mtoto wa jicho. Nimekubebea ndizi na senene. Nipande gari gani nifike kwako?"

Leodegar akatazama zile shuka. Akilini akamwona mama amezikalia na nguo zake za safari, mkungu wa ndizi unadondosha utomvu sakafuni, mwenyewe anatafuna buni na kutemea maganda kiganjani, anaongea kwa sauti ile ya kuitana kutoka shamba moja mpaka lingine, na majaji wamesimama mlangoni wanatazamana. Niseme lilivyo: alimwonea aibu. Alimwonea aibu mtu aliyemtoa makamasi kwa mkono wake. Ulimi ukateleza kabla moyo haujasema kitu.

"Shikamoo mama. Aisee, umenikosa! Nimesafiri, niko Dodoma kikazi. Gladness naye kaenda kwao, nyumba imefungwa. Tafuta gesti hapohapo stendi, Jumatatu nikirudi nitakufuata."

Kisha mama akasema, "Marahaba, mwanangu. Basi safari njema." Simu ikakatika.

Gladness alikuwa amesimama mlangoni na fagio mkononi, kasikia yote. Gladness akikaa kimya, ujue mambo yameharibika.

Majaji walikuja, wakanywa chai, wakabonyeza godoro, wakanusa sabuni. Leodegar alikuwa na siku yake. Madirisha yote yako wazi, sauti inafika barabarani: "Hapa kwetu mgeni haulizwi kaleta nini wala atakaa mpaka lini! Anabisha hodi, anakaribishwa, imekwisha!" Majaji wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Walipotoka aliwasindikiza hadi kwenye gari lao, akawapungia mkono mpaka likapotea. Mshindi angetangazwa kesho yake jioni, palepale Kiwalani, kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa, na wakati wa kuagana mmoja wa majaji alikuwa amemkonyeza.

Jumapili, wametoka kanisani, mtu akabisha hodi. Alikuwa Maliha wa duka la rangi. Si mtu wa kuzurura kwenye nyumba za watu yule, na alipokaribishwa kiti akakataa.

"Mwalimu, mama yako yuko kwangu tangu jana," akasema.

Leodegar akashika mgongo wa kiti.

"Alikuja dukani na mizigo yake, kachoka kweli. Akasema mwanawe kasafiri, anaomba pa kujishikiza mpaka arudi. Na mie nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kukuona ukiwapungia mkono wale wageni! Sasa ningemjibu nini mtu mzima yule? Nikamwambia ndiyo mama, kasafiri. Macho yenyewe hayaoni vizuri, hakujua kitu. Nimewaambia na majirani, mtu yeyote akiulizwa, Mwalimu kasafiri."

"Majirani wote?"

"Wote. Na wewe usitoke nje leo. Akikugundua ataumia." Maliha akavuta mtandio wake vizuri kichwani, akaondoka bila kumgombeza.

Heri angemgombeza! Leodegar alishinda ndani ya nyumba yake mwenyewe akinyata, kila kinachopita nje anakisikia. Bodaboda mmoja alisimama akauliza kama Mwalimu yupo, na jirani wa pembeni akajibu kwa sauti ya kujitahidi, "Kasafiri!" Baadaye fundi cherehani wa ng'ambo ya njia naye akaulizwa, naye akajibu vilevile. Mtu akikusema vibaya unaweza kumjibu, mkagombana, yakaisha. Mtu akikusitiri, utamjibu nini? Leodegar alisikia uso wake unawaka moto na hapakuwa na mtu wa kumtazama.

Ilipofika jioni spika zikaanza kulia uwanjani. Akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Kama unakwenda, nenda kamchukue mama," Gladness akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu jana.

Alikwenda, ndiyo, lakini alizunguka kwa nyuma akajibanza kando ya spika, penye kivuli cha turubai. Kutoka pale alimwona mama. Kokushubila alikuwa kakaa mstari wa mbele karibu na Maliha, kavaa gomesi lake la Jumapili, kichwa kakiinamisha upande kidogo ili asikie vizuri.

Mzee Nurdin akatangaza. Vingunguti wamekuwa wa tatu, Chanika wa pili, na washindi ni Kiwalani! Vigelegele, filimbi, watu wakakumbatiana. "Na sasa," Mzee Nurdin akasema kwa furaha, "namwita mwandishi wetu, Mwalimu Leodegar, apokee ngao y..." Akakumbuka. Akageuka kumtazama yule mama, mdomo wazi.

"Kasafiri!" mtaa mzima ukaitikia kwa pamoja.

"Kasafiri vipi?" jaji mmoja akashangaa. "Jana si tumekunywa chai kwake?"

Mzee Nurdin akamkanyaga mguu. "Kaondoka usiku, mheshimiwa. Dharura."

Leodegar aliyasikia hayo yote. Alitamani lile turubai limwangukie.

Mama Kokushubila akainuka, Maliha kamshika mkono. "Mie ndiye niliyemlea," akasema. "Nitampokelea." Wakampa ngao, wakampa na kipaza sauti, ambacho kwa sauti yake wala hakukihitaji.

"Mie sijui hotuba. Nimelala mtaa huu usiku mmoja. Sikuwa namjua mtu. Nimepewa maji ya kuoga, nimepewa chai ya maziwa, nimepewa kitanda na mtoto wa watu kalala chini kwa ajili yangu. Kwa hiyo nawaambia nyie mliotoka kwenye kampuni, mwanangu hakuandika uongo." Akaiinua ngao juu. "Hebu nami niseme kama mnavyosema. Kiwalani!"

"Mgeni ana kwao," watu wakajibu. Walijibu kwa sauti ndogo, na wengi walikuwa wanatazama miguu yao.

Leodegar alitoka nyuma ya spika, akapita mbele ya majaji, mbele ya wazazi wa wanafunzi wake, mbele ya watu waliodanganya kwa ajili yake tangu jana. Mama hakumwona mpaka alipomfikia.

"Shikamoo, mama."

Uso wa mama ukageukia ile sauti. Halafu akatabasamu, akasema kwa nguvu watu wote wasikie, "Marahaba! Pole na safari, mwanangu."

Watu wakashusha pumzi. Leodegar akafungua mdomo. "Mama, mie siku..."

Mama akamkamata kifundo cha mkono, akamvuta karibu, akamsemesha kwa Kihaya, taratibu, kwa sauti ambayo hakuwahi kujua kwamba mama anayo. "Nyamaza. Jana kijana mmoja wa pikipiki alinifikisha mpaka mlangoni kwako. Nilisema nitakaa barazani hata kama mmefunga. Nikakusikia ndani unawakaribisha wale watu. Macho yangu ndiyo yanayoumwa, masikio ni mazima. Nikaona nikibisha hodi nitakuaibisha, nikageuka."

"Mama, nisamehe. Twende nyumbani. Chumba kipo, kimeandaliwa, shuka mpya..." Leodegar alikuwa analia sasa, mtu mzima, mbele ya wanafunzi wake.

"Mizigo nimeshaitua kwa Maliha," mama akasema, sasa kwa Kiswahili, kwa ile sauti yake ya siku zote. "Na hospitali atanipeleka yeye, tumeshapanga. Wewe kapumzike, umetoka mbali." Akamkabidhi ngao, akampapasa shavu mara moja kama alivyozoea kumfanyia alipokuwa mdogo, akamshika Maliha bega. Watu wakawapisha njia.

Leodegar akabaki katikati ya uwanja na ngao yake. Mkutano ulikuwa umekwisha, watu wakaanza kutawanyika, na kila aliyeondoka ilibidi apite mbele yake. Mzee Nurdin ndiye aliyeanza. "Pole na safari, Mwalimu," akasema kwa heshima.

"Nimeshapoa," Leodegar akajibu.

Akaja fundi cherehani. "Pole na safari." Nimeshapoa. Akaja jirani wa pembeni, wakaja bodaboda na maneno yake yamebandikwa kwenye pikipiki zao, wakaja wanafunzi wake wa darasa la saba kwa mstari. Wote walimpa pole, wote aliwajibu, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Laiti mmoja tu angecheka.

Wa mwisho kabisa alikuwa Gladness, mkewe, aliyelala naye kitanda kimoja usiku uliopita. Alisimama mbele yake, akaichukua ile ngao mikononi mwake kama mke anavyompokea mume mzigo.

"Pole na safari, Baba Asifiwe," akasema.

Leodegar akashindwa kumjibu.